Uvunguni Kuna Nini?

Kabla hujaendelea kusoma, hebu inama uchungulie uvunguni mwa kitanda chako. Kama uko bweni, kumbuka tu jinsi ulivyopaacha nyumbani. Kuna nini? Viatu vya darasa la saba ambavyo havikuingii tena. Redio iliyoungua. Madaftari ya kidato cha kwanza yaliyotafunwa kona na panya. Ndoo isiyo na mshikio, ile ambayo baba alisema ataitengeneza. Boksi ambalo hakuna anayejua lina nini ndani. Na huo ni uvungu tu. Bado hatujafika stoo, bado hatujatoka uani.

Usione haya. Nyumba nyingi ziko hivyo, hata yetu. Vitu haviingii kwa siku moja. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha makorokoro nacho hujaa vivyo hivyo: leo kopo la maziwa, kesho dumu lililotoboka, keshokutwa tairi ambalo mjomba kaliacha "kwa muda tu". Muda wenyewe unageuka miaka minne.

Somo la leo halihusu urembo wa nyumba. Sina haja ya kujua kama mapazia yenu yanafanana na vitambaa vya makochi. Tunazungumzia afya. Tutaona jinsi vitu visivyotumika vinavyoweza kumlaza mtu hospitali, kisha tutaona namna ya kuvipunguza kidogo kidogo, bila kugombana na wakubwa na bila kuharibu ratiba yako ya kusoma.

Homa iliyotupitia nyumbani

Mwaka 2019 nilikuwa sekondari, tunakaa Tanga. Mwaka ule homa ya dengue ilienea Dar es Salaam, na Tanga pia ikafika. Kwetu alianza mama. Joto kali, kichwa kinagonga, macho yanauma kwa ndani kabisa, viungo vyote kama vimepigwa rungu. Sisi tukasema malaria hiyo. Akapimwa, hana malaria. Siku tatu baadaye akalala mdogo wangu. Halafu bibi.

Bibi ndiye aliyetutia hofu. Homa yake ilipoanza kushuka tukashangilia, tukampikia uji. Jioni ile ile akaanza kulalamika tumbo linamkata, anatapika kila anachokunywa, na asubuhi alipopiga mswaki fizi zikatoa damu. Kumbe siku homa inaposhuka ndizo siku za kumwangalia mgonjwa wa dengue kwa makini zaidi. Alilazwa, akawekewa maji, akapona. Namshukuru Mungu, lakini mpaka leo nikikumbuka ule mswaki mwili unanisisimka.

Wakati bibi yuko hospitali alikuja afisa afya mtaani. Akatuuliza: "Hapa kwenu mna vitu vinavyotuamisha maji?" Sote kwa pamoja: "Hatuna." Na hatukuwa tunadanganya, tuliamini hivyo. Mzee wa watu hakubishana. Akazunguka nyuma ya jiko na tochi yake, nasi tukamfuata. Palikuwa na matairi mawili, vifuu vya nazi visivyo na idadi, sufuria iliyotoboka ubavuni, na kopo la rangi. Akamulika ndani ya tairi. Viluwiluwi wakaanza kucheza.

Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma bibi alitoka kwenye tairi lile. Huenda alitoka kwa jirani. Lakini tulikuwa tunapita pale kila siku kwenda kufuata kuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona tairi lile kuwa ni kitu. Lilikuwa kama sehemu ya ukuta. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza: kitu kikikaa sana mahali pamoja, macho huacha kukiona.

Mbu wa makopo

Mbu anayeeneza dengue anaitwa Aedes. Ni mweusi, ana mistari na madoa meupe miguuni na mwilini, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Kwa hiyo chandarua peke yake hakikutoshi, labda kwa mtoto au mgonjwa anayelala mchana. Msimchanganye na Anofelesi, mbu wa malaria, ambaye kwa kawaida huuma usiku na hupenda madimbwi na maji yaliyotuama chini. Aedes ni mbu wa nyumbani. Anapenda maji yaliyokaa ndani ya chombo: pipa, ndoo, vazi la maua, gata la bati lililoziba, tairi, kifuu. Hahitaji maji mengi. Kizibo cha chupa kikijaa maji kinamtosha kutaga.

Mbu huyu huyu hueneza pia chikungunya, na jina la ugonjwa huo limetoka hapa hapa kwetu. Uligunduliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanzania, na neno ni la Kimakonde. Maana yake inahusu mtu kujikunja, kwa vile viungo vinamuuma hata hawezi kusimama wima.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi tunapokosea. Jike la Aedes hatagi juu ya maji. Hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Mayai hayo ni madogo, meusi, na yananata. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, kiangazi chote, yakisubiri. Mvua za masika zikianza na chombo kikijaa tena, yanaanguliwa kana kwamba yametagwa jana. Ndiyo maana ndoo na pipa huwa haitoshi kumwaga: lazima usugue kwa brashi au kwa gunzi na mchanga, kisha ufunike. Na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, basi ukisugua mara moja kila wiki unamkatiza njiani.

Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba Aedes si msafiri. Kwake mita 400 ni mbali sana. Mbu anayekuuma sebuleni mara nyingi kazaliwa kwenu au nyumba ya pili. Hii maana yake kazi ndogo uani kwako ina faida, haipotei hewani.

Jumamosi tuliyochemsha

Bibi alipotoka hospitali tuliamua kufanya usafi wa nguvu. Jumamosi moja, nyumba nzima, kila kitu nje! Saa tatu asubuhi tulikuwa tunaimba. Saa sita uani hapapitiki: magunia, vyungu, masanduku, vyuma vya cherehani, baiskeli ya marehemu babu. Saa nane watu wamechoka, hakuna aliyepika, kaka kaondoka eti anakwenda kwenye mpira. Saa kumi wingu likatanda. Tukarudisha kila kitu ndani mbio mbio, vibaya kuliko mwanzo. Na katika vurugu hizo mtu alitupa kanga kuukuu iliyofungiwa vyeti vya kuzaliwa. Tuliipata jalalani, tena kwa bahati. Kasheshe tupu.

Nimeshaona nyumba nyingi zikifanya kosa hilo hilo. Kutoa vitu ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuamua, kwa kila kimoja: hiki kinabaki au kinakwenda? Kichwa kinachoka kuamua kabla mikono haijachoka kubeba. Ukishachoka unaanza kufanya mambo mawili tu, ama unatupa hovyo ama unarudisha vyote.

Kwa hiyo chukua sehemu moja tu, dakika 20 tu. Siyo chumba, bali sehemu: rafu moja, kona moja, nusu ya uvungu. Weka saa. Vitu vya hapo vigawe mafungu matatu: vinavyotumika, vinavyoweza kumfaa mtu mwingine, na vya kutupa. Kuna vingine vitakushinda. Usipoteze muda navyo, viweke kwenye boksi, andika tarehe juu yake kwa kalamu, funga. Miezi mitatu ikipita hakuna aliyeulizia kilichomo, jibu mmelipata. Dakika 20 zikiisha, rudisha vinavyobaki, fagia, nenda kasome. Usianze kona ya pili hata kama una mzuka. Acha mzuka huo wa kesho.

Anza na kinachodhuru

Usianze na nguo wala picha. Anza na vile vinavyoweza kuua, na vingi viko nje au jikoni.

Uani tumeshapaona: kila kinachokusanya maji. Vaa viatu, siyo ndala, na tumia fimbo kugeuza vitu kabla hujatia mkono. Chini ya mabati na magogo wamo nge, tandu, na wakati mwingine nyoka. Tairi usilichome moto, moshi wake ni sumu na majirani hawatakusamehe. Mshona makatambuga atalichukua. Kama hakuna, litoboe matundu maji yasikae, au lijaze udongo kabisa upande mchicha.

Jikoni tafuta chupa. Hapa nakuomba usimame, uache utani. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya mende kwenye chupa ya maji, dawa ya shamba kwenye chupa ya juisi: mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Anaona soda, anakunywa. Chupa hizo zitoke leo, siyo kesho. Kama mafuta bado yanatumika, yawekwe kwenye dumu lake lenye kifuniko kinachokaza, juu, mahali ambapo mtoto hawezi kupanda. Na ikitokea mtoto kayanywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Zile betri ndogo za mviringo kama kifungo, za saa na rimoti, nazo ziwe mbali na watoto. Moja ikikwama kooni inaunguza kwa muda wa saa chache tu. Hiyo nayo ni ya kukimbiza hospitali.

Dawa za zamani zina tabia ya kujificha: vidonge nusu pakiti kabatini, dawa ya kikohozi ya mwaka juzi. Zilizopita tarehe, na zile zisizo na jina, usimpe mtu na wala usizitupe jalalani ambako watoto huokota. Uliza zahanati au duka la dawa kama wanazipokea. Na wakati wa mlipuko wa dengue kabati hilo hilo linaweza kukuponza: mtu akipata homa anajichukulia diclofenac, aspirini au ibuprofen, kumbe dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol kwa kipimo chake, maji mengi, na kwenda kupima. Dawa maalumu ya kuua virusi vya dengue haipo, kwa hiyo kuwahi hospitali ndiko kunakookoa.

Stoo ya chakula ni mambo ya panya. Panya hawahitaji mengi: nafaka iliyomwagika na mahali pa kujificha. Viroba vitupu vilivyorundikwa ni hoteli yao. Wenzetu wa Lushoto wanaijua hatari hii, maana tauni, ambayo hubebwa na viroboto wa panya, iliwasumbua kwa miaka mingi kuanzia 1980. Ukikuta mavi ya panya, usifagie makavu. Vumbi lake unalivuta. Nyunyizia maji yenye jiki, acha kidogo, kisha futa kwa kitambaa. Mahindi yawe kwenye pipa au ndoo yenye mfuniko, yainuliwe kutoka sakafuni.

Chumbani, angalia ulipo mshumaa au kibatari wakati umeme umekatika, na madaftari makuukuu yako wapi. Kama ni pamoja, umeelewa. Mwenye pumu naye atoe mapema marundo ya magazeti na nguo zenye ukungu karibu na kitanda, maana vumbi, ukungu na mende huweza kuamsha pumu.

"Pipa hilo ulilikuta"

Sasa tuje kwenye gumu. Wewe ni mwanafunzi. Nyumba si yako, vitu si vyako. Ukianza kutupa vitu vya wakubwa eti kwa sababu umesoma jarida, utaonekana umekosa adabu, na kwa kweli utakuwa umekosa.

Bibi yetu, pamoja na kuugua kote kule, alipoona nashika lile pipa lililooza chini aliniambia: "Pipa hilo ulilikuta, na utaliacha." Nikanyamaza. Nilikasirika kidogo, sitadanganya. Lakini nilipokaa naye jioni, namchambulia mchicha, akanieleza. Mwaka fulani wa shida, maji hayatoki wiki nzima, pipa lile ndilo lililowalea mama na wajomba. Mimi niliona bati bovu. Yeye aliona watoto sita waliokoga.

Mtu aliyewahi kukosa hatupi ovyo. Usimcheke. Mzee hajakosea kuweka akiba, kosa ni akiba inapogeuka nyumba ya mbu.

Kwa hiyo usiulize, "Bibi, tulitupe hili?" Hapo jibu ni hapana kabla hujamaliza sentensi. Uliza, "Shikamoo bibi, hili lina kazi gani siku hizi?" Msikilize. Anza na vitu vyako mwenyewe ili waone hujawalenga wao. Vitu vya marehemu viache vya mwisho kabisa, na visiguswe bila kikao cha wakubwa. Na pale mzee anapokataa, tafuta namna ya kuondoa hatari huku kitu kinabaki. Lile pipa tulilipindua, mdomo chini. Bibi mwenyewe akaweka juu yake kinu chake kidogo cha kutwangia pilipili. Liko pale mpaka leo, halina tone la maji.

Sanduku la kumbukumbu nalo lina haki yake. Barua za baba, picha, joho la mahafali: si uchafu hivyo. Vikusanye kwenye sanduku moja linalofungwa, mbali na panya na maji. Vyeti viwe kwenye bahasha yake na kila mtu nyumbani ajue ilipo.

Vinakwenda wapi?

Usihamishe tatizo kutoka kwenu kwenda mtaroni. Mtaro ukiziba, mafuriko yatarudi na takataka zako zote mpaka mlangoni. Vyuma vina mnunuzi wa vyuma chakavu, na chupa zina wauza asali na mafuta ya nazi. Makopo mazuri mpe fundi bati. Nguo na viatu vizima vifue kwanza ndipo umpe mtu, usimpe mwenzako uchafu ukauita msaada. Makopo ya dawa za kupuliza usiyatie motoni, yanalipuka. Vifuu ni kuni nzuri sana, na sijui kwa nini tulikuwa tunavirundika huku tunanunua mkaa.

Kazi ya wiki mbili

Fanya kazi hii peke yako au na wenzako wa klabu ya afya. Jumamosi hii, zunguka nyumba yenu na daftari. Chora ramani ya uani, weka alama kila palipo na chombo kinachoweza kushika maji, hata kile kikavu. Hesabu vingapi, na vingapi vina viluwiluwi. Kisha chagua sehemu sita za dakika 20, tatu kwa wiki, uziandike kwa mpangilio: zinazodhuru kwanza. Ombeni ruhusa kwa mwenye kila kitu na mwandike amejibu nini.

Jumamosi ya tatu, zunguka tena na ramani ile ile, hesabu upya. Linganisha na mwenzako wa nyumba ya jirani, maana mbu hajui ukuta. Kama umekuta viluwiluwi kwenye chombo kile kile ulichokimwaga, basi ulimwaga tu, hukusugua. Rudi na brashi.